Mstari Chini ya Jina la Mwingine

Kwa Bi Sahra Abdinoor,
Bula Iftin,
Garissa, Kenya.
12 Januari 2026

Mpendwa Kaka Hemedi,

Assalaam alaikum. Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na Wifi Mwanahawa na watoto, nikitumaini kwamba kile kikohozi cha Chausiku kimekwisha. Mama je? Magoti yanamruhusu kusali kwa kusimama, au bado anatumia kiti? Na mvua za vuli zimewafikia huko Muheza au zimewaruka tena? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila hilo usimwambie Mama, maana atataka nitumiwe mchele kwa basi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi na utanicheka kwamba nimerudi enzi za Baba. Cheka tu. Simu yako unaiweka sauti ya nje ili Mama asikie, na yangu mimi naipokelea katika nyumba ya mabati yenye watu kumi na mmoja. Nililo nalo halisemeki hivyo. Bahasha hii nampa dereva wa basi la Mombasa, naye atampa mwenzake wa Tanga.

Isome kwanza peke yako. Mama utamsomea mpaka pale nilipopiga mstari. Chini ya mstari ni yako tu.

Kazi yangu inakwenda. Chuo chetu cha Morogoro kilinileta huku kuchunguza biashara ya maziwa ya ngamia, na chuo cha hapa mjini kikanipokea kama mtafiti mgeni, katika chumba chenye kiti kimoja na feni inayozunguka ikitaka. Lakini mwalimu wangu wa kweli ni huyu Bi Sahra ninayekaa kwake. Ni mjane, anauza maziwa sokoni. Kila asubuhi madumu ya njano yakishushwa, anaonja moja moja kwa kifuniko, na lililotiwa maji analisukuma kwa mguu kumrudishia mwenyewe, bila neno. Nimejaza madaftari manne na bado sijaweza kuonja aonjavyo yeye.

Ananitunza mno. Haniachi ninunue hata sabuni. Nikitoka, lazima mtu anisindikize, na nikichelewa dakika kumi simu zinalia. Nikimwambia kwamba mimi ni mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, ananiongezea chai. Miezi minane sasa mimi ni mgeni, Kaka, na mgeni hapa hafungui mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mwezi uliopita palikuwa na mahafali chuoni. Mama angefurahi kuona. Watu walikuja kutoka Sangailu, kutoka Tarbaj, kutoka mbali zaidi ya huko, wanawake kwa vitambaa vya rangi kali mpaka macho yanauma, wazee wamepaka ndevu hina. Kila mhitimu alivishwa mashada ya karatasi za kumetameta hadi kidevuni. Magari yalipiga honi mjini mchana kutwa, na mbuzi waliokuwa wamefungwa kwenye nguzo za taa asubuhi, jioni hawakuonekana tena.

Nyumbani kwetu sherehe ilikuwa ya Fartun, binti wa dada yake Bi Sahra. Amekaa hapa miaka minne akisomea ualimu, na chumba tunalala mimi na yeye. Ni mcheshi, ananiita abaayo, yaani dada, na hucheka Kiswahili changu akisema kina adabu kupita kiasi. Wazazi wake walisafiri siku mbili kutoka Takaba, kule karibu na mpaka wa Ethiopia. Baba yake ni Mzee Alio Bishar, mfugaji wa ngamia, mrefu, mkavu, asiyeongea mpaka amekwisha kufikiri. Mkewe, Bi Maka, aliugua mwaka jana na bado anatembea kwa kushika ukuta. Walileta mbuzi wawili na kopo la nyirinyiri, ile nyama yao ya kukaanga inayokaa miezi. Katika watoto wote wa nyumba yao, Fartun ndiye wa kwanza kufika chuo. Tulikula, tukaomba dua, tukafurahi. Mwambie Mama hivyo.

________________________________

Sasa kaa chini, Kaka.

Unajua mahafali yanavyokwenda. Wenye shahada za juu huitwa jina kwa jina na kupanda jukwaani. Wa shahada ya kwanza husimamishwa kitivo kizima, mkubwa wa chuo akatamka maneno yake, wakakaa. Aliyevaa joho ndiye mhitimu. Jina la mtu linabaki ndani ya kijitabu, na kijitabu si kila mtu anakipata.

Mimi nilikipata, kwa sababu niliketishwa kivulini na wageni. Nikaona vizuri niukunje ukurasa wenye jina la Fartun, nimpe baba yake kama zawadi. Nikafungua Ualimu, nikatafuta Fartun. Nikatafuta Alio. Nikatafuta Bishar. Nikavaa miwani nikaanza tena kutoka juu, kidole kwenye karatasi kama ninavyohesabu madumu. Hayumo. Nilipoinua macho, Fartun alikuwa safu ya nne, joho limemkaa, na alikuwa akinitazama mimi. Kitivo kikaambiwa kisimame. Akasimama.

Nilimkuta baadaye nyuma ya matangi ya maji, akijifanya anajipepea. Sikuhitaji kumuuliza. Aliniambia, “Najua siko, abaayo. Joho nimekodi kwa mpiga picha.”

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwezi wa nne mwaka jana, katikati ya mitihani ya mwisho, baba yake alimpigia simu mwenyewe: mama yako hali si nzuri, njoo. Akaenda akijua atarudi baada ya siku tatu. Bi Maka akapata nafuu, mvua ikakata barabara, na mtoto akakaa Takaba siku tisa akiangalia maji. Aliporudi, mtihani wa Takwimu ulikuwa umepita. Mmoja tu. Hutolewa mara moja kwa mwaka, na wa pili ni Aprili hii inayokuja.

Hakumwambia mtu. Kwanza aliona aibu. Halafu Bi Sahra aliposikia wenzake wanajiandaa akauliza mahafali ni lini, naye Fartun akataja tarehe tu, bila kusema yake au si yake. Kufika wiki ile ya sherehe, baba yake alikuwa tayari njiani. Alichokihofia hasa si fimbo wala maneno. “Aabo ndiye aliniita,” aliniambia, yaani baba yake. “Akijua ni hiyo safari, atajilaumu mpaka akufe.”

Nilikasirika, Kaka. Nilitaka kumzaba kofi na joho lake la kukodi. Badala yake nikamwahidi kwamba sitasema kitu. Niliona ni ahadi nyepesi, kwani nani angeniuliza mimi, mgeni wa maziwa? Nikakiweka kijitabu kwapani na tukaenda kula.

Turubai lilifungwa uani, wazee kwenye mikeka upande mmoja, wanawake upande wa pili. Palikuwa na wali na tambi na mbuzi wa kuchemsha na chai yenye maziwa mpaka inakuwa nyeupe. Mohamedamin, mwana wa Bi Sahra, alishika kipaza sauti. Watu waliposhiba Mzee Alio akasimama, akasema kwa Kisomali, kisha kwa ajili yangu akageuza kwa Kiswahili.

“Mimi nimekaa jua tangu asubuhi,” alisema. “Wameita majina ya wale wakubwa. Ya mtoto yangu hawajaita. Masikio yangu haijasikia. Sasa kitu haijasemwa mbele ya watu, nitaenda kusema Takaba iko aje? Mwalimu ako na kitabu. Yeye ni mgeni, hana ukoo hapa, hana upande. Asome yeye.”

Katika daftari langu la pili nimeandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri, nikajiona mjuzi: kwamba kwa watu hawa jambo, liwe la kisima au la ngamia au la binti, husimama likisemwa mbele ya mashahidi, na shahidi bora ni yule asiye na upande. Niliandika kama mtu anayetazama kwa dirishani. Sikujua kwamba dirisha lenyewe ni mlango na nimekwisha kuingia.

Nikasema miwani yangu iko ndani. Ikaletwa. Nikasema kijitabu sijui nimekiweka wapi. Mohamedamin akakichomoa kwapani mwangu, watu wakacheka kwa upendo. Nikamtafuta Fartun. Alikuwa kati ya wanawake, mashada yamemfika kidevuni, anaangalia mkeka, na mama yake kamwekea mkono gotini.

Nikafungua Ualimu, nikasoma: “Fartun Alio Bishar. Shahada ya Ualimu.” Nilisoma kwa sauti niliyofundishwa madrasa, wazi, kila herufi mahali pake, kutoka kwenye ukurasa ambao jina hilo halikuwamo. Vigelegele vikapigwa. Wazee wakainua mikono, wakamwombea, na mimi nikasema amin pamoja nao. Kumbuka, Kaka, mimi ni yule uliyekuwa ukiniita Bibi Mkweli kwa kukusemea kwa Mama.

Nilidhani yamekwisha. Mzee akaja mpaka nilipo, na kalamu aliyoitoa mfukoni mwa Mohamedamin. “Iko wapi? Piga mstari. Kitabu hii itakaa nyumbani kwangu.” Akainama. Harufu ya ubani nguoni mwake, ndevu zake karibu na bega langu, watu hamsini wanatazama. Nikatafuta jina lenye maneno matatu, lenye kuanza kama lake, nikapiga mstari chini ya Farhiya Abdiwali Shuaib. Simjui. Popote alipo, anisamehe.

Mzee alitazama mstari ule kwa muda, akapitisha kidole gumba juu yake, akafunga kijitabu na kukizungushia kitambaa cha bega. Akaniambia barakallah. Nikaletewa sahani ya pili, nikaimaliza, kwa kuwa kila aliyepita alinihimiza nile.

Asubuhi yake gari lao lilikuwa linangojwa. Bi Sahra alikuwa sokoni, Fartun ndani akimfungia mama yake mizigo. Mzee Alio alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na geti, akaniita. Akafungua kitambaa, akaweka kijitabu chini, akakifungua pale pale penye mstari bila kutafuta. Kisha akatoa mfukoni kitambulisho chake, kimefungwa kwa nailoni, akakilaza kando ya lile jina.

“Jina yangu iko wapi kwa hii kadi?”

Nikamwonyesha. Akaweka ukucha chini ya ALIO, akausogeza chini ya BISHAR. Halafu akauhamishia kwenye kijitabu, chini ya mstari wangu, neno la pili, neno la tatu, taratibu.

“Mwalimu, mimi sijui kusoma. Lakini ngamia nasoma. Kila mtu ako na alama yake amechoma, kwa shingo, kwa shavu, kwa paja. Kisimani zinachanganyika mia mbili, mia tatu. Mimi naingia natoa yangu, na ya mwenyewe namwachia. Hii alama si yangu. Jana nilijua.”

Jana alijua. Alijua nikiwa bado nimeshika kalamu, akasema barakallah, akakaa akapokea mikono ya watu mpaka saa kumi na mbili. Na mimi mwenye shahada mbili nilidhani mtu asiyejua herufi anaona madoadoa tu. Nimeona aibu nyingi maishani lakini si kama ile.

Akaniuliza, “Yuko kwa kitabu au hayuko?”

Nikasema hayumo.

“Ameacha shule?”

Nikamwambia hajaacha, ni mtihani mmoja tu haukufanywa, na utafanywa Aprili. Akauliza kwa nini haukufanywa. Hapo, Kaka, nilinyamaza. Nilikuwa nimemwahidi binti, na zaidi ya ahadi, sikuwa na moyo wa kumwambia mzee yule jambo lile machoni. Akaningoja. Nje punda alipita na maji. Mzee akaanza kuhesabu vidole vyake kimyakimya, mwezi mmoja mmoja, akafika kwenye kimoja akakishika.

“Ni ile safari nilimwita,” alisema.

Nikatazama mkeka, na hilo likamtosha. Alikishika kile kidole kwa muda mrefu. Hakulia wala hakulaumu mtu. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ileile.

“Asijue mimi najua. Akijua, atashika haya, atarudi nyumbani na sisi leo, hatarudi hapa tena. Akidhani ametuficha, atamaliza. Kitabu hii haiwezi kwenda Takaba. Mdogo yake Abdijabar anasoma kila kitu, hata karatasi ya sukari. Huko nitasema umebaki nayo unaitia plastiki.” Akakisukuma mbele yangu. “Na wewe, mwalimu. Jina umesoma wewe, mbele ya watu. Maneno yako iko juu yako. Kaa mpaka ikuwe kweli.”

Nikasema insha'Allah, kama tunavyosema kwetu tukitaka kuponyoka. Akainua viganja akaomba dua juu ya neno hilo, ndefu, na nikajikuta tena nasema amin. Gari likapiga honi. Fartun akatoka na mizigo, akambusu baba yake mkono, naye akamwambia kitu kwa Kisomali. Nilimuuliza baadaye ni nini. Aliniambia, “Amesema leo analala vizuri.”

Basi ndivyo nilivyofungwa, na sioni pa kutokea. Kila siku baada ya alasiri namfundisha Fartun Takwimu, mezani kwa Bi Sahra, huku mwenye nyumba akidhani binti ananisaidia na madaftari yangu. Ni mwerevu, ila akifika kwenye hesabu za uwezekano anavurugika. Kila tukifunga daftari ananiuliza kama nadhani baba yake alishuku kitu, nami namjibu hakushuku. Kila Ijumaa mzee ananipigia simu kuniuliza, “Anasoma?” nami namjibu anasoma. Nikiongea naye inanibidi nijifanye naongea na wewe, kwa kuwa Fartun yuko kitanda cha pili. Umeshanipigia mara nne tangu mahafali bila kujua, Kaka, na mara zote hujambo.

Kijitabu kiko chini ya godoro langu. Fartun anadhani kiko Takaba, ukutani. Na Bi Sahra ametundika sokoni picha kubwa ya Fartun na joho, juu ya madumu, kila mteja anaiona na kumsifu, na mama wa watu anafuta kioo chake kwa upindo wa ushungi. Siwezi tena kupita pale bila kuinamisha kichwa. Nimeanza kuzunguka kwa nyuma, penye wauza kuni, na wanaonisindikiza wanadhani napenda kuni.

Kuna siku naamka na hasira na wote wawili. Nasema moyoni, mimi ni mtu wa Muheza, nimekuja kuchunguza maziwa, yananihusu nini. Nafunga begi. Halafu Fartun anaamka, ananitilia maji ya kutawadha kabla yake, naye hajui kwamba begi limefungwa, nami nalifungua tena. Wangekuwa watu wabaya ningeshafika Tanga siku nyingi.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Nilimwahidi Mama kwamba Ramadhani hii nitafunga naye. Unakumbuka alivyosema mwaka jana, kwamba hajui kama ataiona nyingine. Ramadhani ni mwezi ujao, Idd ni Machi, na mtihani ni wiki ya pili ya Aprili. Sitafika. Kibali changu cha kukaa kinaisha mwisho wa Machi na tayari nimeomba kiongezwe, na kwenye sababu nimeandika utafiti. Nilikuwa nimepanga umwambie Mama kwamba kazi imerefushwa na wakubwa wa Morogoro. Ungelisema vizuri tu, wewe unajua kusema.

Ndipo, nilipokuwa naandika sentensi hiyo, nikakumbuka barua ya Baba.

Unaikumbuka, usijifanye. Baba alikuwa bado karani wa reli kule Tabora. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi. Mama alikuwa anachambua mchele, ukasoma kwa sauti, na ulipofika pale Baba alipoandika kwamba ameoa huko, uliniangalia mimi, nikakutikisia kichwa, ukaruka. Ukasoma salamu na habari za mvua, ukakunja. Mama akasema alhamdulillahi, akaendelea na mchele. Miaka yote tumekuwa tukijisifu, wewe na mimi, kwamba tulimficha mpaka Baba mwenyewe aliporudi na kusema.

Kaka, barua ile ilikuwa kurasa tatu, mbele na nyuma. Wewe ulisoma kwa muda usiozidi wa kupepeta ungo mmoja. Mama hajui herufi, lakini alikwishapokea barua za Baba miaka sita, na alijua kurasa tatu ni maneno mengi kiasi gani. Likizo iliyopita nilipomsafishia sanduku, nilikuta barua zote za Baba zimefungwa kwa ukanda wa kanga, pamoja, isipokuwa moja, iliyokuwa peke yake chini kabisa, imekunjwa vidogo vidogo. Nilidhani imechomoka. Niliirudisha na zile nyingine, na Mama aliponiona akaitoa tena, akaiweka chini, akaniambia nimletee maji. Sikufikiri kitu. Nimefikiri baada ya kuona ukucha wa Mzee Alio unatembea chini ya mstari wangu.

Alijua siku ile ile. Alijua, akaendelea kuchambua mchele, ili sisi wawili tulale vizuri. Na sasa yupo hapo, miaka sabini na nne, na mimi namtumia barua yenye mstari, kurasa nne atakazoziona mkononi mwako, na wewe umsomee moja.

Kwa hiyo ule mstari niliouchora usiufuate. Msomee Mama yote, tangu salamu hadi hapa, na hili la barua ya Baba pia. Mwombe anisamehe kwa siku ile ya ungo. Halafu mwulize yeye, kwa sababu mimi nimeshindwa kujiamulia: nikae mpaka Aprili, au nirudi nifunge naye? Akisema nirudi, nitamwambia Mzee Alio ana kwa ana, hata kama ni kusafiri siku mbili hadi Takaba kusimama mbele yake, na atakalonitamkia nitalibeba. Akisema nikae, nitakaa kwa radhi yake, na kifungo changu kitakuwa na ruhusa ya mtu.

Nisalimie Wifi Mwanahawa, Chausiku na wadogo zake, Shangazi Mwajuma na jirani zetu wote wa pale msikitini. Bi Sahra anamsalimu Mama, anamwita dada yake ingawa hawajaonana, na amenipa kichupa cha samli ya ngamia cha kupaka magoti. Kimo kwenye kifurushi nilichompa dereva pamoja na bahasha hii. Mungu awalinde nyote, awape mvua ya kiasi, na amjaalie Mama Ramadhani hii na nyingine nyingi baada yake.

Nijibu kwa karatasi, Kaka. Keti naye pale uani, usome, kisha uandike atakachosema neno kwa neno, hata kama ni cha kuniliza. Usiruke kitu. Nitazihesabu kurasa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekutikisia kichwa siku ile,

Mwantumu